Maiti Haitoki Mbele

Kama umewahi kupita Somanga kwa basi la Lindi, huenda nimeshakuuzia samaki. Mimi ndiye yule mama mnene anayegonga dirisha la basi na kusema, "Chukua kolekole wa moto, mwanangu, wa jana nimempa paka." Naitwa Mwahija. Ulimi wangu hauna mfupa, hilo kila mtu hapa kijijini analijua, na dereva akinichokoza namrudishia na chenji. Lakini leo nataka kumsema shemeji yangu Maftaha, kaka mkubwa wa mume wangu. Wako wanaomsema vibaya, wako wanaomsema vizuri mno, na wote hao hawajawahi hata kumpelekea kikombe cha chai.

Maftaha huzika watu wanaoletwa na bahari. Hakuna aliyemwajiri. Mkondo wa huku kwetu hupanda kwenda kaskazini, iwe msimu wa kusi au wa kaskazi, na ufukwe wa Somanga umejikunja kama kiwiko. Mtu akizama Kilwa Masoko au kusini zaidi, maji humbeba, na yakifika kwenye kile kiwiko humwacha. Wa kwanza alikuja miaka thelathini na nne iliyopita. Watu walisimama mbali wameziba pua kwa kanga, kila mmoja akimtazama mwenziwe. Maftaha, wakati huo kijana, akavua shati, akaingia majini hadi magotini, akamtoa. Tangu siku hiyo kazi ikawa yake. Polisi huja, daktari hutazama, karatasi zikisainiwa wanamwambia, "Haya Mzee, ni wako." Sanda anunue yeye, kaburi achimbe yeye. Nyuma ya miti ya mivinje ana makaburi thelathini na tisa.

Ana desturi yake moja. Kabla ya kumwosha maiti hukata kipande cha nguo aliyokuja nayo, ukubwa wa kiganja, akakianika, akakitia kwenye kopo pamoja na tarehe. Baada ya miezi, pengine baada ya miaka, huja mtu kutoka Lindi au Mchinga kumtafuta ndugu yake. Maftaha humkalisha mkekani, akamfungulia kopo. Nimewahi kumwona mwanamume mzima, ndevu hadi kifuani, analia juu ya kifungo cha shati.

Na kujua alijua, wallahi. Ukimwendea ukamwambia mtu kazama mahali fulani, siku fulani, alihesabu kwa vidole kimyakimya halafu akasema, "Kusi hii, siku ya tatu, alasiri." Au, "Kaskazi maji mazito, mngoje siku ya sita, ya saba." Watu walitoka hata Kivinje na jeneza lao, wakakaa naye mchangani, na mtu wao akaja. "Maji hufuata mkondo," alikuwa akisema, "na maji hayarudi nyuma." Sharti lake lilikuwa moja, kwamba mtu asilie mpaka bahari itoe. Kilio cha mapema, kwa imani yake, kinamfukuza maiti. Wake za watu walikaa pale wameuma pindo za kanga, macho makavu, wakingoja ruhusa yake.

Sasa sikia shukrani ya watu. Harusini alikuwa akiwekewa sahani peke yake pembeni, eti mkono ule umetoka kushika maiti. Mkewe, Salima, alivumilia miaka sita, akafungasha virago akarudi kwao Mtanda. Watoto hawakupata. Siku ya msiba mkono ule ule wanaubusu, na kwenye pilau wanaukimbia. Aliyekula naye sinia moja duniani alikuwa mtu mmoja tu, mdogo wake Yasini, mume wangu. Kila Ijumaa baada ya sala nilikuwa nawatilia wali na mchuzi wa nazi, wanakula kimya, mmoja akimsukumia mwenziwe kipande cha samaki kilicho kizuri. Wakimaliza Maftaha anasema, "Shemeji, leo chumvi imezidi." Hata isipozidi. Na mimi namjibu, "Kesho nitakupikia maji matupu."

Yasini alikuwa akifanya kazi kwenye boti ya injini iliyokusanya samaki kwa wavuvi na kuwapeleka sokoni. Januari ya mwaka jana, nje kidogo ya Kilwa Masoko, boti ilipinduka. Walikuwa watatu. Wawili waliokolewa na watu wa ngalawa wakiwa wameng'ang'ania dumu la mafuta. Yasini hakuonekana.

Nilikwenda mbio kwa Maftaha, mkono bado una unga wa kukaangia. Alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Nikamwambia. Aliweka jembe chini, akahesabu vidole vyake polepole, akarudia tena. Akasema, "Siku ya saba. Atakuja kwangu."

Vijana wa Masoko walitaka kuzigawa boti zao za kutafutia, nusu ziende kusini mpaka Kiswere. Maftaha akawazuia kwa simu. Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nilimsikia. "Kusini msihangaike, mtaunguza mafuta bure. Mimi nayajua maji yale." Wakamsikiliza. Nani angebishana na Maftaha juu ya maji? Na mimi pia nilimsikiliza. Nasema hivyo ili usidhani najitoa.

Siku ya tano alichimba kaburi, mbele ya yale thelathini na tisa, karibu na njia, ili nisipate shida ya kulizuru. Siku ya saba alipeleka ufukweni ndoo mbili za maji baridi, sabuni, karafuu maiti na sanda, akakaa. Mimi nikakaa nyuma yake nimeuma kanga. Maji yakajaa, yakatoka. Siku ya nane, ya tisa. Siku ya kumi na tano nikarudi kwenye meza yangu ya samaki, maana mabasi hayangojei msiba wa mtu. Yeye alibaki.

Hapo ndipo ulipoanza upweke wangu ambao sina jina la kuupa. Mke wa mtu haingii eda kwa fununu. Nilikwenda kwa shehe wetu, akaniambia, "Ngoja, binti yangu, hatujui." Basi nikawa si mke si mjane. Nikipaka wanja, wenzangu wanaguna, "Mjane gani huyu?" Nikiacha kupaka, wanauliza, "Kwani umeshakata tamaa na mumeo?" Hakuna aliyeniletea pole kamili wala khitima haikusomwa. Nilitandika kitanda pande mbili kila jioni. Ijumaa nilipika wali wa watu wawili, nikampelekea Maftaha sahani yake, akala peke yake, na tangu siku hiyo hakusema tena habari za chumvi. Ningempa nini anitukanie mchuzi wangu!

Na kaburi lile likabaki wazi. Masika yakaja yakalijaza maji na matope, akalichimba upya. Likamomonyoka ukingo, akalichimba tena. Watu wakaanza kunung'unika, kwamba kaburi wazi linaita mtu mwingine. Wazee wa msikiti wakamfuata, "Maftaha, fukia mgomba humo, kama ilivyo desturi, yaishe." Akawatazama. "Mdogo wangu si mgomba," akasema, akaendelea kutoa mchanga.

Mwezi wa kumi na moja akaja msichana mmoja wa mambo ya bahari, anasoma chuo kikuu, jina lake Nusaiba. Mtoto mwembamba, kofia ya jua kubwa kuliko mabega yake. Alifika kwenye meza yangu, "Shikamoo Mama," "Marahaba," akaniuliza kwa Mzee Maftaha ni wapi. Nikamwuliza amefiwa na nani. Akasema hajafiwa, anafuatilia mkondo. Eti vipimo vyao vya mkondo wa kwetu ni vya miaka michache na vina mapengo, lakini kuna mzee Somanga anayejua kwa miaka thelathini na nne nani alizama wapi na akatokea siku ya ngapi. "Yale makaburi ni kumbukumbu ya bahari, Mama," akasema. Nikamtazama juu mpaka chini. Nikamwambia makaburi ni makaburi, lakini nikampeleka.

Maftaha alimpa yote, moja baada ya jingine, bila kusoma popote. Msichana akaandika mpaka mkono ukamuuma. Siku zilizofuata alikodi boti, akatupa baharini maboya sita, nje ya Masoko, kila moja na chombo ndani kinachotuma habari liko wapi. Jioni akawa anakula kwangu, na mimi namchokoza, "Mshahara wote unautupa majini, mchumba je?" Siku moja nikamwuliza hasa anatafuta nini.

Akanieleza kwa subira, siwezi kumnyima haki yake. Alisema bahari zote za dunia zina safari moja kubwa. Maji ya moto ya huku kwetu, mengine hupita mbele ya mlango wetu kwenda kaskazini, mengine huteremka yakazunguka ncha ya Afrika ya Kusini, yakapanda bahari ya upande wa pili mpaka kwenye nchi za barafu. Kule hupoa, yakawa mazito, yakazama, yakarudi kwa chini, polepole, mamia ya miaka. Safari hiyo ndiyo inayogawa joto na mvua duniani. Sasa dunia inapata joto, barafu inayeyuka, yale maji yasiyo na chumvi yanatandaa juu, na maji mepesi hayazami. Wataalamu wanaogopa kwamba safari yote inalegea. Ikilegea sana, mvua zitahama njia zake, wa baridi wapate baridi zaidi, waliozoea masika wayangoje yasije, au yaje yote kwa siku mbili.

"Kama uji," nikamwambia. "Ukipunguza kuni, hauzunguki sufuriani."

"Kama uji, Mama."

"Na barafu ya watu wa mbali inanihusu nini mimi, muuza samaki wa Somanga?"

Akasema yeye hawezi kusema kwamba barafu ndiyo iliyogeuza maji yetu. Mwaka mmoja na ufukwe mmoja si ushahidi, na maji ya pwani yana vituko vyake. Ndiyo maana anapima. Lakini kuna jambo limemshangaza. Maboya manne yamepanda kaskazini, kama Mzee alivyosema. Mawili mkondo haukuyachukua. Yalizungukazunguka pale nje siku nne, upepo ukayasukuma chini, na moja limekwama ufukweni jana, kusini, Kiswere.

Mwenzangu, mwiko uliniponyoka ukaanguka kwenye mafuta.

Maftaha alikuwa ameketi hapo kwenye benchi na sahani yake. Alisikia. Akasema bila kuinua uso, "Boya si mtu. Maji hayarudi nyuma." Akaondoka, akaelekea kwenye lile kaburi lake. Nilimwita, "Shemeji! Shemeji, ngoja tuzungumze!" Hakugeuka.

Kesho yake sikuaga mtu. Nikapanda basi la kusini, nikashuka njia panda, nikachukua bodaboda hadi Kiswere. Kwa mtendaji wa kijiji nikauliza kama mwaka huu kuna maiti iliyookotwa. Akasema yupo mmoja, Januari, walitoa taarifa, hakuna aliyejitokeza. Akanipeleka kwa mzee aliyemzika, Mzee Ismaili, nyumba ya makuti safi, uani kuna mbuzi mmoja.

Mzee Ismaili alinikaribisha, akanipa maji, hakuuliza kitu. Akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga. Nilipoliona tu, nikakaa chini. Akafungua, akanipa kipande cha jinzi ukubwa wa kiganja. Kilikuwa na kiraka cha kanga yangu ya kijani, nilichokitia mwenyewe kwenye bukta ya Yasini, na kwa kuwa uzi ulikuwa umeniishia, nilishona kwa nailoni nyekundu ya nyavu. Yasini alinicheka sana siku ile. Alisema sasa hata akipotea sokoni watamrudisha kwangu.

"Ni mume wangu," nikasema.

"Inna lillahi. Tulimwosha vizuri, mama. Tulimswalia watu kumi na wawili."

Nikamwuliza, kwa nini basi hakuwatafuta ndugu wa marehemu? Akashtuka, akaapa alitafuta. Alipeleka habari Mchinga, akapeleka Lindi, akawapa madereva wa malori namba yake mpaka Mtwara, kila soko la samaki.

"Na Kilwa? Kilwa hapo tu!"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto. "Kilwa iko mbele, mama. Maji yanakwenda kule, hayatoki kule. Maiti haitoki mbele. Mimi mwanangu alizama hapa miaka kumi na miwili iliyopita, nikaenda kumkuta Somanga. Huko yuko bwana mmoja, Maftaha, Mungu amjaze kheri. Alinipa kipande cha shati la mwanangu. Ndiye aliyenifundisha kukata nguo, na ndiye aliyenifundisha njia ya maji."

Sikulia. Ningelia ningekuwa mtu. Nilikuwa na hasira hata meno yanauma. Mbele ya kaburi la mume wangu, chini ya mkorosho wa watu, nilichokuwa nikikiwaza ni jinsi nitakavyomrukia Maftaha.

Niliporudi Somanga nilimkuta ndani ya shimo, kichwa tu kinaonekana. Nikamtupia kile kitambaa. "Haya! Mdogo wako huyo! Yuko Kiswere, miezi kumi na moja, na wewe unatuchimbia shimo hapa! Si ulisema unayajua maji?" Nilisema na mengine, sitayarudia. Nilimwambia mwenye kujua kila kitu huishia kula peke yake. Kila neno nililikusudia.

Akakiokota. Akapapasa kiraka, akafuata ule uzi mwekundu kwa kidole. Swali lake lilikuwa moja tu. "Walimwosha?"

"Walimwosha. Mzee Ismaili, uliyemzikia mwanawe. Alimtafutia ndugu mpaka Mtwara, kwa sababu wewe ulimfundisha kwamba maiti haitoki mbele."

"Mwosha huoshwa," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akaketi mle mle ndani ya kaburi, akaufunika uso wake kwa kile kitambaa. Nikasimama juu yake sijui nifanye nini, maana nilikuwa nimemchukia njia nzima, na sasa chuki hainisaidii. Nikampa mkono atoke. Ulikuwa mkono wa baridi, mgumu. Nikatambua kwamba katika miaka yote hiyo na mimi sikuwahi kuushika.

Nilikwenda kwa shehe na habari. Nikamwambia sasa nimejua, naomba niingie eda. Nilikuwa nimeshapanga, nimenunua hata kitambaa cha kukalia eda. Akaniuliza tarehe ya kifo, akahesabu. Akasema kwa upole eda huanza siku mtu anayokufa, hata kama mke hana habari. "Miezi minne na siku kumi ilikwisha zamani, binti yangu. Eda yako imekwisha."

Imekwisha! Eda yangu ilikwisha na mimi nagonga madirisha ya mabasi nikitaniana na madereva. Nilirudi nyumbani, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda upande wangu. Machozi yalikuwa yameshindwa kuja kwa wakati wake, na sasa hata nilipoyaita hayakuja.

Khitima tuliisoma. Kaburi lile wazee walilifukia, na ndani wakatia mgomba. Maftaha alishika jembe na wenzake.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, walikuja watu kutoka Masoko. Kijana wao kazama. Walikuwa na jeneza, mikeka, na mke wa kijana, msichana wa miaka ishirini hivi, Zuwena. Baba mtu akamwamkia Maftaha, akauliza kama watu wote walivyouliza siku zote, "Mzee, tumngoje siku ya ngapi?"

Maftaha akainua mkono wake, akautazama. Kidole kimoja kikakunjika. Akaukunjua.

"Sijui," akasema.

Watu walidhani hawakusikia. Akarudia. "Sijui, ndugu zangu. Zamani nilikuwa najua. Tafuteni hapa, mimi nitakaa. Na wengine nendeni kusini, Kiswere yuko Mzee Ismaili. Pigeni simu Mchinga. Pigeni kila mahali." Wakatazamana, mtu mzima na jeneza lake, hajui aliweke wapi.

Yule msichana alikuwa amekaa mchangani, ameuma pindo la kanga, macho makavu kama kioo. Nilikuwa nimeacha meza yangu na samaki jikoni niwafuate, nikaenda kukaa naye. Nikalitoa lile pindo mdomoni mwake.

"Lia, mwanangu."

"Bibi, nimeambiwa Mzee hataki kilio kabla…"

Maftaha alikuwa hatua mbili kutoka kwetu. Nikamtazama. Akageuza uso baharini, na hakutukataza.

"Lia leo," nikamwambia. "Usiyangoje maji."

Akalia. Alinikumbatia kwa nguvu, kichwa kifuani mwangu, na mimi nikalia naye, mwaka na miezi miwili baada ya siku yangu.